Nyuzi za Kuchemshwa

Alhamisi usiku, nyuma ya duka la Gethin la redio mbovu,
Port Talbot, mvua inakwaruza bati,
tumekaa watatu tusioimba.
Kaseti inaingia. Gethin anazungusha kitufe,
anakata sauti zote za juu:
mwimbaji na nywele zake zilizotimka anakwenda zake,
vinanda vya umeme na mng'aro wao wa sahani mpya vinamfuata,
ngoma ile, mlango wa ghala uliobamizwa, inabaki kishindo tu,
kisha chini kabisa,
pale ambapo hakuna aliyekata tiketi kupatazama,
yupo.

Besi.

“Hapo,” Emlyn anasema, kidole juu. “Anachelewa.”
Kweli, anachelewa, unywele mmoja,
kama mtu anayekushikia mlango na hataki umshukuru.

Mimi nilikuja hapa na miaka kumi na tisa na kiburi changu,
nikisema nyimbo za miaka ya themanini ni bazoka:
utamu dakika mbili, kisha unatafuna mdomo wako mwenyewe.
Emlyn hakubisha. Alinipa besi yake,
shingo laini, haina hata alama ya kumwongoza kipofu.
“Haya, ipige hiyo bazoka.”
Niliangukia ubeti wa pili.
Kila noti ilikuwa na majirani wawili waongo
na mimi nikabisha hodi kwao wote.

Kizuri chajiuza, wanasema.
Hiki hakikujiuza wala hakikujitembeza.
Watu walikipigia pasi nguo za shule,
kikawatikisa nyonga jikoni
na hakuna aliyeuliza jina lake.

Kuhusu ule mlio tunagombana kama warithi.
Gethin anaapa ni kisanduku cha samawati
kinachoipasua sauti iwe mbili, halafu kuzikutanisha zimelowa.
Mimi nasema ni vidole, karibu na daraja,
pale waya unapokaza shingo na kukataa.
Emlyn anasema nyuzi.
Nyuzi mpya zina meno.

Ila mpya zilikuwa ghali mwaka ule, mgodi umefungwa,
kiinua mgongo kimenunua besi badala ya friji,
Delyth amenuna siku kumi na nne.
Basi alichemsha zile kuukuu
katika sufuria ya viazi, na siki,
jasho la vidole vyake likaelea juu kama mchuzi wa mwisho wa mwezi,
na Jumamosi, klabuni kwa wafanyakazi,
ziling'ata tena. Hadi wimbo wa tatu.
Delyth alisema viazi vya Jumapili vina ladha ya kutu.
Alisema hivyo kila Jumapili
mpaka mwaka juzi.

Daktari wa masikio amemchorea Emlyn mstari:
unaanza vizuri, kisha unaporomoka gengeni.
Baada ya mgodi alikwenda kwenye tanuru la chuma,
na tanuru lilikula kuanzia juu.
Hasikii tena shomoro, wala kengele ya mlango,
wala mjukuu wake Nest akisoma kwa sauti yake ya sindano.
Ila kiganja akikiweka juu ya spika
uso wote unarudi nyumbani.
“Miaka yote,” anasema, “nilimwomba fundi mitambo
awapunguze wengine.
Sasa amenisikia.”
Anacheka. Gethin anatafuta kitu mezani, kitu chochote.

Mkanda unageuzwa. Mchakacho kwanza,
ambao wawili tu tunausikia.

Nyuzi zangu zimechoka. Namuuliza siki kiasi gani.
Ananitazama mdomo; lile neno linampita, lote ni ncha.
Nashuka. Naisema tena kutoka kifuani,
polepole, chini, chini kabisa.

“Vijiko viwili,” anajibu.
“Na sufuria yako mwenyewe.”