Tunangoja Upepo

Siku ya tatu, wodi ya wanawake, Kadutu.
Umeme umekwenda tena. Ziwa halionekani kule chini.
Nimeinama juu ya tumbo la M'Cirhuza, muuza sambaza,
mipira miwili masikioni,
mkononi kisahani cha chuma ninachokipasha kwa pumzi
asishtuke.

Juu kulia, chini ya ini: kimya.
Juu kushoto: kimya.
Chini kushoto, pale tuliposhona: kimya cha mtu aliyesusa.
Chini kulia —
hapana. Ni moyo wangu mwenyewe.

Utumbo hausamehi upesi.
Jumatatu ulijisokota kama kamba ya mbuzi
aliyezunguka kigingi usiku kucha.
Daktari akaufungua, akakata kipande cheusi
kirefu kama mkono wangu hadi kiwiko,
akaunga ncha kwa ncha.
Umeshikwa. Umeona taa.
Kilichoumbwa gizani hakipendi kutazamwa.

Mlangoni, wifi yake, Nshobole,
amekumbatia thermosi ya uji wa mtama tangu jana.
"Hata kijiko kimoja?"
"Hata kijiko."
"Sasa tunangoja nini?"
Nilisomea miaka mitatu, nikapewa maneno ya Kifaransa
yaliyopigwa pasi, na hakuna hata moja
lililoweza kuvuka kizingiti kile.
"Tunangoja ajambe," nikasema.

Alinitazama kama niliyemtukania marehemu.
"Tumeuza mbuzi wawili. Tumekula pesa ya likelemba
kabla ya zamu yetu.
Yote hayo, tungoje ushuzi?"
"Ndiyo."

Tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia:
Ukitafuna bugali polepole, husikii utamu?
Mate yameanza kazi kabla hujameza.
Koo nalo linafunga mlango wa pumzi, linafungua wa chakula;
likikosea mara moja unapaliwa mbele ya wageni.
Tumbo linakanda, wewe unajua kukanda,
ila maji yake yangetoboa kitenge chako.
Nyongo inashuka, ya kijani, chungu,
inayafanyia mafuta kile sabuni inachoifanyia sufuria ya sambaza.
Kongosho pia ana lake. Maskini kongosho,
hata kwa wachinjaji hana anayemuulizia.
Kisha mita sita za kona na kona,
ukuta wake laini kama mgongo wa blanketi jipya,
na humo ndimo samaki anapoacha kuwa samaki
akawa wifi yako.

"Kwa hiyo kinateremka tu?"
Hakiteremki. Hata ukisimama kwa kichwa bugali litafika.
Kinasukumwa: misuli inajibana nyuma yake,
inalegea mbele yake, wimbi na wimbi.
Wimbi likilala, uji wako utasimama njiani,
utavunda, utavuta uzi.
Likiamka, cha kwanza kusukumwa ni hewa.

Nshobole akanyamaza. Akakaza kifuniko cha thermosi.
"Basi na ajambe," akasema, taratibu,
kama anayejibu sala.

Mvua ikapiga mabati, ikapita kuelekea Bagira.
Saa tisa na nusu M'Cirhuza akageuka ubavu,
na kikasikika kitu kidogo, kirefu kidogo,
kigoda kikiburutwa kwenye sakafu ya saruji.

Wodi nzima iliacha kukoroma.
Bibi wa kitanda cha tano, ambaye tangu Jumapili
hajamwambia mtu neno, akauliza: "Ni yeye?"
"Ni yeye."
"Mungu asifiwe."

Mwenyewe amejifunika kitenge hadi nywele, kwa aibu,
kitenge kinatikisika, anacheka,
anashika mshono, anacheka, "uii, unaniua."
Nshobole ameshafungua thermosi.
"Maji kwanza," namwambia. "Vijiko viwili. Halafu tuone."

Nainama tena. Chini kulia:
kama majirani wanaohamisha viti usiku,
wakinong'ona wasiwaamshe watoto.

Kwenye daftari la zamu naandika kwa mwanga wa simu:
9:30 usiku. Gesi imepita.
Safu ya maoni ni nyembamba, haina nafasi ya zaidi.