Sababu ya Safari

Kitabu cha wageni kimepigwa mistari kwa rula,
kalamu imefungwa kwa uzi wa katani.
Jina. Kabila. Kazi. Utokako. Uendako.
Juu yangu yupo mkaguzi wa mizani,
aliondoka tarehe tatu. Leo ni ishirini na sita.
"Mwezi huu wageni wangu ni popo," asema Bi Somoe.
"Na wastaafu," naongeza. Hacheki.

Safu ya mwisho: Sababu ya safari.
Wenzangu wameandika kikazi, kikazi, msiba;
mmoja kaandika mke, basi.
Nimeiacha wazi. Nimesema nitaijaza kesho.

Miaka thelathini na mmoja nimeufundisha mji huu
kule Newala, kwa chaki, kwa mkono wa kushoto:
pwani naichora kama sikio la mbuzi,
nukta Kivinje, nukta Kisiwani,
na chaki nyekundu kwa njia za misafara.
Mtoto akiuliza, "Mwalimu, ulishafika?"
mimi nafuta ubao.

Hapakuwa mbali. Nauli ni bei ya kuku wawili.
Ila kila likizo ilikuwa na mikorosho yake:
palizi, salfa, kuokota, foleni ya ghala,
na pesa ikija, imeshaandikwa majina ya watu.
Sasa kipupwe kimeingia, mikorosho haijawaza maua,
nami nimeaga nyumbani kwamba naenda kung'oa jino.
Nani angenielewa ningesema
naenda kuutazama mji?

Asubuhi nautembea peke yangu.
Nyasi zimeanza kudai katikati ya barabara.
Kuta za matumbawe zinavua chokaa
polepole, kama mwenye kidonda anavyovua shati.
Roshani imebakiwa na boriti mbili,
na juu ya boriti, sare ya shule inakauka.
Mlango wa nakshi una kufuli mpya kabisa;
nachungulia: nyuma yake hakuna nyumba.
Kuna mpapai, kuku, na mbingu.

Bomani mkuyu umepitisha mzizi dirishani
kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.
Nasimama. Nimekuja na tarehe zote kichwani
na hakuna hata moja inayoniuliza hali.

Bibi yangu Nantende hakulitaja jina la hapa.
Alisema "kule kwenye chumvi".
Tukichelewa kisimani: mtapelekwa kwenye chumvi.
Tukilia usiku: nyamazeni, chumvi inasikia.
Nilisoma hadi chuo cha ualimu, nikapasi,
nikaifundisha biashara ile kwa vichwa vya habari vitatu,
na sikuwahi kuziunganisha sentensi hizo mbili.

Sokoni mama mmoja ananipima kwa macho.
"Mmakonde wewe! Umefuata maji?"
Watani hawakosei pa kuchoma.
Nacheka, nanunua dagaa fungu moja,
ananiongeza la pili, ananiambia soko limelala,
nirudi mwezi wa nane nione watu.
Lakini watu ndio nisiowataka leo.

Maji yamekupwa hadi mbali, tope liko wazi,
kaa wanaingia na kutoka kama karani asiye na kazi.
Viatu mkononi, nashuka mpaka panapolowa,
nachovya kidole, nakilamba.
Bibi, ni kweli.
Ni chumvi.

Jioni simu inalia, nipo barazani.
Ndiyo, mwanangu. Limetoka.
Hapana, halikuuma kama nilivyodhani.
Mzizi ulikuwa mrefu, ndiyo maana.
Damu? Kidogo tu.
Bi Somoe anakunja mashuka, hageuki.

Alfajiri, nikilipa, nakiomba kitabu nijaze.
Safu yangu imeshajazwa
kwa mwandiko mkubwa, wa mtu aliyejifunza ukubwani:
MATIBABU.
Ananihesabia chenji, noti moja imechanika.
"Hiyo itapokelewa," asema. "Ibandike gundi."