Chaguo la Kwanza

Kijana wa steshenari ananiuliza, macho kwenye kompyuta:
"Chaguo la kwanza tuweke nini, dada?"
Saa kumi na nusu. Saa kumi na mbili anafunga,
na umeme wa Pasua tunajua tabia zake.
Naomba anisubiri. Foleni nyuma yangu inakohoa.

Baba mdogo Ndelekwa alishasema juzi, mdomo umejaa kiburu:
"Unasihi? Shahada ya kusikiliza?
Bibi yako kasikiliza ukoo mzima miaka hamsini
na hakuna aliyemlipa hata kilo ya sukari."
Tukacheka wote. Na mimi nilicheka.
Usiku nikajiuliza bibi naye alikwenda kwa nani.

Mama anataka uuguzi. Nguo nyeupe, anasema,
inaonekana tangu barabarani.

Mimi nina miaka minne nyuma ya kaunta ya duka la dawa.
Watu hawaji kununua wanachokitaja.
Anataja kikohozi, anakaa kwenye benchi.
Anataja minyoo ya mtoto, anabaki kusoma kalenda ya mwaka juzi.
Binti mmoja alinunua plasta tatu na hakuwa na kidonda.

Halafu Mwalimu Kisamo.
Kila jioni vidonge viwili vya kichwa,
noti ya elfu imekunjwa mara nne,
"Chenji baki nayo, Aikande."
Ijumaa moja ya mvua za Aprili akataka boksi zima.
Nikamwambia zimeisha.
Zilikuwa nyuma yangu, rafu ya pili.
Akaziona. Akaona kwamba nimeona kwamba ameziona.
Akakaa.
Mvua ikapiga bati hata tusiweze kusikilizana,
na hapo ndipo nilipopona, maana neno sikuwa nalo.
Nilikuwa na "pole". Nilikuwa na "Mungu yupo".
Nikayashika yote mawili
kama mtu aliyeshika funguo za nyumba nyingine.
Nikachemsha chai ya tangawizi. Akanywa vikombe viwili, akaaga.

Yu hai. Bado anafunga tai, bado anasahihisha kwa wino mwekundu.
Lakini mpaka leo sijui kilichofanya kazi ni chai au mvua,
na mvua mtu hawezi kuiweka rafuni.

Basi vyuo nimevihoji kama mama mkwe.
Kwa mtu halisi mnatupeleka mwaka wa ngapi?
Nikikosea, nani atakuwa amekaa pembeni yangu?
Kile chenye ghorofa za vioo kilinijibu kwa kipeperushi:
wanafunzi wanacheka kando ya bwawa la kuogelea.
Kile kingine simu ilipokewa na mama aliyekuwa anatafuna.
"Mwaka wa pili," akasema. "Wodini, shuleni, gerezani.
Na wewe mwenyewe utakaa kiti cha mteja, kila wiki, muhula mzima.
Wengi hawakipendi kile kiti."
Nikauliza habari za ajira.
Akaacha kutafuna.
"Polepole," akasema.
Sijawahi kuambiwa ukweli kwa neno dogo namna ile.

Nje, wageni wawili wenye mabegi wanauliza mlima uko wapi.
Haujatoka tangu Jumatatu.
Muuza ndizi anawaonyesha wingu kwa kidole, bila wasiwasi wowote.

"Dada?"
Namtajia chuo cha yule mama. Namtajia programu.
Chaguo la pili namwambia aache wazi; anasema mfumo haukubali;
tunaweka uuguzi, mama asikose kabisa.
Uhasibu wa baba mdogo unakaa wa tatu, mkiani,
kama mgeni aliyefika wakati vyombo vinaoshwa.

Printa inaguna, inatoa karatasi.
"Elfu mbili."
Natoa. Yeye karatasi haitoi; ameiwekea kiganja.
Foleni imeisha, sikuona ilipoisha.
"Hiyo kozi," anasema, sauti imeshuka, "inahusu na watu wasiolala?"

Nimwambie bado sijaanza?
Nimwambie hata barua sijapata?

"Ulisema unafunga saa ngapi?"
"Kumi na mbili."

Navuta stuli.