Sampuli ya Kumi na Saba

Leo ni zamu yangu kulisha maini.
Yamo kabatini, nyuzi joto thelathini na saba,
madogo kama punje za ulezi,
yamelala katika maji ya rangi ya rozela.
Hayana nyongo, hayana tumbo la kukaa,
hayana mtu.

Hapa Upanga umeme ukikatika hatutafuti mshumaa,
tunahesabu sekunde mpaka jenereta likohoe,
maana haya yakipoa
wiki tano za malezi ya Namsifu zimekwenda na maji.

Bi Chausiku wa supu, kule Buguruni,
alikuwa akilikata ini juu ya kitunguu
na kutuambia, sisi watoto wa shule:
hili ndilo linalojua uchungu,
moyo unasingiziwa tu.

Sampuli ya nne, rangi ya peremende.
Ya tisa, krimu ya Kariakoo, kopo halina anwani.
Ya kumi na saba nimeileta mwenyewe
kwenye chupa ya maji, mdomo umefungwa nailoni:
mizizi ya mama, ya kusafisha damu,
kikombe asubuhi, kikombe jioni, mwaka wa pili.
Daftarini sikuandika jina.
Niliandika: kahawia, harufu ya udongo.

Siku ya kwanza yametulia, mviringo kamili.
Siku ya tatu nikainamia hadubini:
kingo zimelegea
kama chapati iliyosahauliwa kwenye chai,
chembe moja moja inajitoa, inaelea.
Hayakulia.
Ndiyo kazi yake, kufa kimya mahali pa mtu.
Namsifu akasema, rudia. Nikarudia.
Yakafa tena.

"Lakini mama yako si sahani," akasema,
"ana figo, ana ugali tumboni, ana miaka sitini na minne.
Andika shaka. Usiandike kifo."

Basi shaka nikaibeba mpaka Tandika.

Nilimkuta anachuja kikombe cha jioni.
Nikamweleza, vibaya, kwa maneno ya kazini.
Akasikiliza, chujio mkononi.
"Mwanangu," akasema, "unanikata maini."

Niliutazama weupe wa macho yake chini ya taa,
nikitafuta manjano,
nikiogopa kuyaona, nikiogopa taa yenyewe ni ya manjano.
"Bora maneno, mama."

Chujio likaendelea kudondosha.
Kikombe kilikuwa kati yetu,
kimejaa,
na hakuna aliyekigusa.