Namba ya Jana

Makaa ya mawe hayampi gesi anayeomba.
Hutoa maji kwanza, ya magadi, miezi na miezi,
pampu zikikohoa katikati ya mtama
magharibi ya Chinchilla,
hadi shinikizo lishuke na mwamba,
kama bahili aliyechoka kukunja ngumi,
uachie.

Mimi niko Brisbane, ghorofa ya kumi na moja.
Kazi yangu ni kuiuliza kompyuta kinyumenyume:
mwamba wa namna gani, ungekuwa huko chini,
ungetoa yale yaliyokwisha kutoka?
Nukta nyeusi ndiyo yaliyotokea.
Mstari wa bluu ni wangu.
Kila usiku nausogeza.
Wasemao ya kale ni dhahabu
hawajapata kukesha nayo mezani.

Visima ishirini na tatu vilikubali.
Cha kumi na nne kikagoma.
Siku tisa za Februari, mwaka wa mafuriko,
maji yake hayakupanda wala hayakushuka,
yamenyooka kama shuka la hospitali:
mapipa mia tatu kumi na mbili,
mia tatu kumi na mbili,
mia tatu kumi na mbili.

Nikazidisha upenyezaji mara saba.
Nikachora ufa ambao hakuna aliyeuona,
nikaupa jina la mbwa wangu, Tilly.
Jaribio la mia mbili na sita,
mstari ukalala juu ya nukta zote.
Nikajinunulia keki.

Mwamba ukiteswa hukiri lolote.

Tilly alikwenda mashariki, kilomita nne,
akapita chini ya shamba la Lorna Wieck,
na modeli ikasema, bila kupepesa,
kisima chake cha ng'ombe kitakauka mwaka wa sita.

Kabla ya kutuma ripoti nikampigia Des Hannaford,
aliyekuwa akizungukia visima vile, sasa mstaafu.
Nyuma yake birika lilikuwa likipiga mluzi.

"Siku zile? Mto ulikuwa umekula barabara.
Nilikuwa juu ya paa la banda, na mke wangu
na kuku wanne.
Fomu ilitaka namba. Nikaandika ya jana.
Kesho yake nikaandika ya jana tena.
Niliharibu kitu, binti?"

Wiki tano nimelipasua jabali
lifanane na mtu aliyeketi juu ya paa
akingoja maji yapungue.

"Hapana," nikamwambia. "Kuku walipona?"
"Watatu."

Nimemfuta Tilly. Siku tisa nimeziacha wazi,
pengo jeupe kwenye grafu,
na mstari wangu unalivuka peke yake, umepinda,
haugusi kitu.

Lorna Wieck amepiga simu mara mbili leo.
Anataka mwaka.
Mimi ninayo miaka: kati ya huu na ule,
na upana wa katikati
unatosha ndama kukua, kuzaa, kuuzwa.

Simu inalia tena.
Naipokea.