Alhamisi au Jumamosi

Daktari Nakiete alishuka bondeni Mkwajuni na buti za mpira,
begi la kompyuta kifuani, kama mama na kichanga.
Kazi yake kule Mlimani ni dini, akasema,
si kuhubiri. Kuuliza.
Nikamfutia stuli. Miguu yake bado ina tope la Msimbazi.

Alitaka habari za spika.

Basi nikamwambia kama ninavyowaambia wote:
usiku wa kuamkia Ijumaa, saa tisa,
umeme umekatika tangu magharibi,
mvua inagonga mabati kama mdai,
imamu yuko Rufiji msibani,
mlango wa msikiti una kufuli, ufunguo ninao mimi,
na spika ya mnarani, niliyoifunga kwa mkono huu,
ikasema.

Ikasema nini? Hapo kalamu yake ikaanza kuhangaika.
Bi Tatu alisikia: tokeni.
Mama Ndeonasia, Mlutheri wa nyumba ya tatu,
aliitwa kwa jina lake la ubatizo,
ambalo mtaani hapa halijui mtu.
Mhina wa bodaboda alisikia anadaiwa.
Sikudhani, ana miaka sita, alisema: ilikohoa.

Wote walishusha miguu kitandani.
Wote walikanyaga maji.

Akaomba nimfungulie amplifaya.
Nikaifungua, naijua kama mfuko wangu:
kapasita zimevimba, transfoma ya mtumba,
na waya mrefu unaopanda mnarani
ukinasa chochote kinachopita,
redio za teksi, za walinzi, za bandarini.
"Ikiwa na betri," nikamwambia, "spika ni sikio.
Huokota tu."
"Na betri ilikuwepo?"

Ah.

Betri ya gari, N hamsini. Niliiazimisha Mburahati, harusini.
Kuirudisha niliirudisha, haki ya Mungu.
Lakini Alhamisi, au Jumamosi?
Niliandika daftarini.
Daftari lilikuwa chini ya meza.
Meza yenyewe tuliikuta Jangwani.
Bwana harusi nilimpigia: asema siku zile
hakuwa akihesabu betri.

Aliniuliza mara tatu, kwa njia tatu.
Ya tatu ilimponyoka kwa Kipare, akacheka mwenyewe.

Mhina alikuwa na sekunde kumi na moja kwenye simu yake,
mvua, mbwa, na kitu kingine.
Daktari akazilisha kompyuta,
ina programu ya kuandika maneno ya watu.
Ikaandika: *mko wapi*.
Akairudia. *Mkopo wako*.
Akairudia. *Makofi*.
"Hii," akasema, "haikufundishwa kusema sijui."
Bi Tatu, anamenya vitunguu mlangoni,
hakuinua hata uso:
"Waganga wa namna hiyo nawajua."

Daktari akamgeukia.
Je, ikithibitika ni dereva wa teksi,
yuko zake Ubungo, hana habari nanyi?
"Mwanangu, na awe dereva.
Nani alimtuma akohoe saa tisa?"

Tulicheka. Kisha nikasema, sijui kwa nini nilisema,
kwamba nyumba ya kina Pazi,
hatua ishirini kutoka mnarani,
hawakusikia kitu.
Watatu.

Kisu cha Bi Tatu kikasimama katikati ya kitunguu.
Kinasa sauti kiliendelea kuwaka taa yake nyekundu,
kikirekodi sisi tusiosema.
Daktari alikitazama, asikizime.
Hakuandika pia.

Aliondoka na picha ya waya,
na jina la bwana harusi,
na vitunguu viwili alivyolazimishwa.
Aliahidi kunitumia atakachokiandika.
Nikamwambia afadhali anitumie tarehe.

Masika haya ujumbe wake uliingia, saa tisa na robo usiku.
*Fundi Kondo, umekumbuka?*
Sikumuuliza yeye yuko macho kwa nini.
Nilishusha mguu kwanza.
Sakafu kavu.
Nikamwandikia: bado.