Mizani Nane

Spika nne zilipita Langoni juu ya punda wawili,
Famau akiwaswaga, mimi nyuma na waya begani,
wenye maduka wakauliza: harusi ya nani?
Nikasema: ya Rais.
Wakacheka. Na mahari, wakasema, keshatoa?

Mkunguni, mbele ya ngome, tulifunga vyuma alfajiri.
Kijana wa itifaki, suti nzito, jasho hadi kwenye soksi,
alininong'oneza: akinyamaza usiguse kitu.
Kule kunyamaza kumo ndani ya hotuba.

Saa tano na robo nilikuwa nyuma ya pazia,
kidole kwenye kitufe, nikimsikia anavyovuta pumzi,
jambo ambalo nyinyi wa mbele hamkulisikia.

Kwanza hakusema neno.
Alitazama watu kama anayetafuta jamaa yake msibani.
Akavua miwani.
"Mato yangu," akasema.
Si macho. Mato.
Neno letu, la jikoni kwetu,
alilolipata hewani, nadhani, kati ya Nairobi na Manda,
na kina mama wa upande wa kushoto wakalipigia vigelegele
kama mtoto aliyepotea sokoni akaletwa na jirani.

Kisha "mimi" ikatoweka.
Nilingoja irudi. Ikaja "sisi".
Sisi tulinyimwa. Sisi tulisubiri. Sisi tumechoka.
Mtu ambaye kiatu chake hakijawahi kukanyaga kinyesi cha punda
alikuwa amechoka pamoja nasi,
nami, wallahi, nilimwonea huruma.

Halafu "wao".
Hakuwataja jina, na hapo ndipo palipo ufundi:
alishona kanzu tupu, akaitundika hewani,
kila mmoja akamvika adui wake, ikamkaa.
Famau alimwona afisa wa mifugo.
Mimi nilimwona shemeji yangu.

"Barabara, maji, kazi."

Bibi yangu alinifundisha kuhesabu mizani
kwenye vifundo vya vidole, kabla sijajua kuhesabu senti.
Nikahesabu pale gizani: ba-ra-ba-ra, ma-ji, ka-zi.
Nane kamili.
Ukwapi mzima wa shairi,
umekatwa na mtu anayejua sikio letu hulalia ubavu gani.

Akarudia. Akarudia tena, na mara ya tatu hakumaliza:
"Barabara, maji..."
akaweka kiganja sikioni,
na uwanja mzima ukamjazia: KAZI!

Anayekumalizia sentensi ni nani kama si mkeo?
Ahadi imetoka vinywani mwetu wenyewe.
Sasa tumdai nani?

Msinione mjanja. Kila uzi niliuona,
kila fundo nililijua lilipofungwa,
na bado mkono wangu uliacha kitufe ukaenda kupiga makofi.
Spika zikapiga mluzi wa kupasua masikio.
Yeye akatabasamu, akangoja uishe:
"Hata mitambo inakubali!"
Kicheko kile kilimpa Lamu nzima.
Kilitokana na kosa langu.

Mwezi wa nne huu ankara yangu iko kwa karani:
spika nne, punda wawili, mafuta ya jenereta.
Karani hanikatalii. Husema "tunalishughulikia",
na mimi huuliza "nyinyi na nani?"
Watoto wa Langoni wanarukia kamba kwa ile nane,
ba-ra-ba-ra, ma-ji, ka-zi,
anayekosea hatua kwenye "maji" anatoka.
Wengi hutokea hapo.

Jana Bi Mwanahindu alipanda ngazi zangu, polepole, na goti lake.
Nilinyamaza kwanza.
Nikavua miwani.
Nikasema: "Mato yangu, sisi tulionyimwa na wao..."
Nikaacha pengo, alijaze.

Alinitazama kama atazamavyo samaki wa juzi.
Akanyoosha kiganja.

"Kodi."

Mizani mbili. Hakurudia.